UZI: Biharusi anasingwa na kukandwa siku saba, sisi wengine mwili tunauacha mpaka lini?

Asumini_Fuoni (mwenye uzi)

Asalaam alaykum wanajamvi, na poleni na joto hili la kaskazi.

Kuna jambo limenikaa muda mrefu nataka tulizungumze leo kwa utulivu. Sisi huku Unguja na Pemba mtoto wa kike akikaribia kuolewa anawekwa ndani. Siku saba hashiki sufuria wala hachoti maji, anasingwa (ndo kusuguliwa mwili kwa singo, unga wa maua na viungo), anakandwa, anapakwa liwa, ule mti wa harufu, usoni, anafukizwa udi nguo na nywele, mchana analala, na watu wazima wanakaa nae wanazungumza nae. Anatoka pale ngozi inang'ara na macho yametulia, kila mtu anasema mashallah. Halafu harusi inaisha na hayo yote yanaisha nayo. Kuanzia hapo ni jiko, watoto, kazini, gari ya Fuoni imejaa mpaka mlangoni, rudi nyumbani anza tena, na mtu anaweza kukaa miaka na miaka hajapata kumlaza mwili wake chini akaupaka mafuta ya nazi kwa utulivu.

Na wakati huo huo singo hiyo hiyo mahotelini na maspa ya mjini wanauziwa wageni kwa dola. Sina ubaya na hilo, dada zetu wanapata riziki pale na wanaifanya kazi vizuri. Lakini inaniuma kuona mgeni wa siku nne anaondoka amesingwa na mama yangu mwenyewe mgongo unamuuma tangu skuli tunasoma hajakandwa na mtu.

Mimi nasema hivi, yale sio mambo ya harusi. Ni matunzo ya mwili, wazee waliyaweka kwenye harusi mana ndo pahala palipokuwa na ruhusa ya mwanamke kupumzika bila kuulizwa. Tuyatoe pale tuyalete kwenye siku za kawaida, kidogo kidogo, kila mtu kwa nafasi yake.

Mimi siku yangu ni Alkhamisi baada ya Isha. Asumini na mlangilangi nachukua Darajani zikiwa mbichi, mawaridi ninayo yaliyokaushwa, mrehani nimepanda kwenye kopo nje ya mlango, na mpompia, ule mmea wa harufu, nikiupata natia. Maua nayatandaza kwenye ungo kivulini, msiweke juani jamani jua linaondosha harufu yote inabaki rangi tu. Yakikauka natwanga kwenye kinu pamoja na karafuu chache (chache kweli, ukizidisha ngozi inawaka), nachekecha, unga natia kwenye chupa. Siku ya kutumia ndo nachukua kipande cha liwa nakisugua kwenye msio (jiwe la kusugulia liwa) na maji kidogo mpaka kitoe ule uji wake, nachanganya na unga na marashi ya mawaridi mpaka ishike. Naanza nyayo, napanda vifundoni, magoti, naenda juu polepole nasugua kwa mzunguko, na pale inapokauka inaanza kujitoa yenyewe vipande vipande na ngozi iliyokufa inatoka nayo. Nakoga maji ya kawaida bila sabuni, napaka mafuta ya nazi mwili ukiwa bado na unyevu, nafukiza udi chumbani nusu saa kabla ya kulala dirisha likiwa wazi, simu inabaki sebuleni kwenye charji. Basi. Usingizi ninaoupata Alkhamisi sijaupata kwa dawa yoyote.

Nataka kujua na nyinyi mnajitunza vipi, na wanaume pia waseme msione haya.

---

mama_wa_watatu

Waalaykum salaam shoga yangu. Umeandika vizuri nimesoma mpaka mwisho na nimetamani, lakini niambie kweli hiyo nafasi naipata wapi. Mtoto wangu mdogo ana miezi minane, wa pili anaenda nasari, mkubwa ana madrasa jioni. Mie hata kukoga nakoga mlango wazi nasikiliza nani analia. Kusema kweli nikisoma mambo haya ya kujitunza najisikia kama yameandikwa kwa watu wengine.

---

Asumini_Fuoni

Shoga nakuelewa na sitaki uzi huu umuongezee mtu mzigo. Ukiwa na mtoto wa miezi minane usianze na singo, anza na kitu kimoja ambacho hakihitaji maandalizi. Baina ya Magharibi na Isha baba yao akitoka msikitini akae nao wale wakubwa, mdogo umnyonyeshe kwanza alale, wewe ufunge mlango ukoge bila haraka upake mafuta mwilini mpaka vidole vya miguu. Mwambie mumeo kwa maneno, usisubiri atambue mwenyewe, wengi wao sio wabaya ila hawajaambiwa.

Na jambo jengine tunalolifanya huku mtaani kwetu, mimi na jirani yangu tunapeana zamu. Jumapili moja watoto wake wanakuja kwangu masaa mawili mchana, Jumapili ya pili wangu wanakwenda kwake. Yeye saa hizo analala, analala kweli hafui wala hapiki, tumewekeana sharti hilo. Na siku nyengine anakuja tu ananikanda mabega na mimi namkanda. Hakuna pesa iliyotoka.

---

Mchumaji_Wete

Haya wanaume tumeitwa, mie nimekuja.

Huku kwetu Pemba kuna vidonge, sijui kama huko Unguja mnavitumia sana. Msingi wake ni karafuu, zinasagwa na viungo vyengine zinafinyangwa na marashi zinakaushwa, ukitaka kutumia unaponda kidonge unakilainisha na maji ya marashi unasugua mwili. Hivi ni vya wanaume zaidi ingawa wanawake nao wanatumia. Babangu alikuwa akishuka mkarafuuni jioni wakati wa mchumo anasuguliwa mgongo na mabega kwa hivyo, harufu ilikuwa inajaa nyumba nzima.

Kwa ambae hajachuma karafuu, ni kazi ya kupanda juu na kunyoosha mkono kuvuta tawi siku nzima shingo ikiwa imeangalia juu, halafu ukishuka unabeba, halafu usiku ndo kuchambua, watu wanakaa duara kwenye mkeka kila mmoja na fungu lake, karafuu huku makonyo (vijiti vyake) kule, mpaka vidole vinageuka rangi. Nayasema haya mana watu wakisikia kupumzika wanafikiri ni kukaa peke yako. Kule kuchambua usiku ni kazi lakini ndiko tulikopumzika, mana kuna hadithi, kuna vichekesho, kuna chai, na hakuna anaekimbia. Nilipohamia mjini Chake nikapata kazi ya kukaa kwenye kiti siku nzima ndo mwili ulianza kuniuma, mabega yamekaza utasema nimebeba gunia, na jioni narudi niko peke yangu na simu.

Kinachonisaidia sasa ni viwili. Mafuta ya karafuu yanayotoka kiwanda cha makonyo pale Wawi najichua nayo mabega, na kila siku mbili tatu nakwenda Gombani kutembea na jamaa, tunazunguka uwanja tunazungumza mpaka adhana.

---

nesi_mstaafu

Mchumaji umesema jambo zuri sana hilo la kukaa na watu, lakini hapo kwenye mafuta ya karafuu naomba niingie kabla watu hawajakimbilia madukani.

Mafuta ya karafuu yale safi ni makali sana. Sehemu kubwa yake ni kitu kinaitwa eujenoli, ndicho hicho madaktari wa meno wanakitumia kufisha maumivu ya jino. Ukipaka yakiwa peke yake ngozi inaungua, inatoka malengelenge, nimeyaona mwenyewe kazini. Chukueni mafuta ya nazi vijiko viwili vya chai, tia tone moja la karafuu, moja tu, changanya ndo ujichue. Jaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono usubiri mpaka kesho yake. Mtoto mchanga na mdogo asipakwe kabisa. Mjamzito asitumie bila kuuliza kliniki. Na chupa iwekwe juu mbali na watoto mana mtoto akiyanywa hata kidogo anaweza kupata degedege na ini kuharibika, sio jambo la mchezo.

Udi nao. Harufu nzuri, mie mwenyewe siku ya Ijumaa lazima chetezo kizunguke nyumba. Lakini moshi ni moshi. Kama ndani kuna mwenye pumu au kichanga, fukiza nguo chumba chengine na dirisha wazi, moshi ukiisha ndo waingie. Alivyofanya mwenye uzi, kufukiza mapema kabla ya kulala, ndivyo.

La mwisho ni kukandwa. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma kwenye nyama ya nyuma chini ya goti, usikubali mtu yeyote aukande. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na ukiikanda inaweza kung'oka ikapanda mapafuni. Huyo ni wa spitali siku hiyo hiyo. Hasa mama aliyetoka kujifungua na mtu aliyesafiri amekaa masaa mengi. Na aliyejifungua kwa kisu tumbo lisikandwe na maji ya moto mpaka kidonda kipone na daktari aseme sawa, bibi wakija na ndoo waambieni kwa adabu.

---

Mwani_Jambiani

Nesi Allah akulipe. Mie naomba niwasemee wanawake wa mwani mana hatusikiki kwenye mambo haya.

Sie kazi yetu inafuata maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yakitoka tunaingia, hata kama ni saa sita jua kali, tunainama kufunga vipande vya mwani kwenye kamba masaa mengi. Mgongo, kiuno, magoti, macho kwa mng'aro wa maji, na chumvi inakata ngozi kwenye vidole na mapajani nguo inaposugua. Ukitoka unabeba gunia limelowa. Halafu nyumbani watu hawajala.

Yanayonisaidia nayasema. Kwanza nikitoka tu baharini najimwagia maji matamu, sisubiri kufika na kukaa na chumvi mwilini, halafu naloweka kanga niliyoingia nayo nabadilisha nyengine kavu. Mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe, nakuna nazi, nakamua tui zito, naliweka jikoni moto mdogo mpaka mafuta yaelee. Lile chicha silitupi, nasugulia viganja na visigino, linatoa ngozi ngumu vizuri. Na nimejifunza kwa mwenzangu mmoja kila baada ya muda nasimama wima kule kule majini, mikono kiunoni, najinyoosha nyuma kidogo, naangalia mbali upande wa mwamba, halafu ndo naendelea. Zamani nikiona ni kupoteza muda maji yatarudi. Sasa wote tunafanya, mmoja akisimama anaita wenzake "haya nyosheni migongo".

Kofia ya ukili na miwani ya jua sio vya watalii peke yao jamani.

---

Baharia_Malindi

Mwani_Jambiani nimependa hiyo sana.

Mie nachangia bahari. Tumezungukwa na maji pande zote na watu wazima wengi mara ya mwisho kuoga pwani ni utotoni. Kuogelea kunanyoosha viungo bila kuumiza magoti, mtu mzito, mtu mwenye magoti mabovu, maji yanambeba. Ila mujue maji, huku kwetu siku za bamvua baina ya kujaa na kupwa tofauti inafika kiasi cha mita 4, pahala palipokuwa panafika kiunoni baada ya masaa machache panakuzidi kichwa, na kwenye mikondo maji yanavuta. Usiende peke yako na usiende usiyepajua.

Kwa wanaoona haya au hawajui kuogelea kuna kutembea. Vikundi vya mazoezi viko kila mtaa, alfajiri baada ya sala wanapita wanaimba, mara ya kwanza mtu unaona haya ila ukishaingia unajikuta unawasubiri. Tarehe 1 Januari kila mwaka si mnaona barabara zinavyojaa, wazee wa miaka sabini wanakimbia kwa furaha kabisa. Shirika la afya duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuuendesha mwili kwa wiki, hizo ni nusu saa kwa siku tano tu, kutoka Michenzani mpaka Forodhani na kurudi kwa mwendo wa haraka imetimia. Shida yetu tunatembea mpaka Forodhani kisha tunakula urojo na mishkaki na juisi ya miwa saa nne usiku halafu tunalala na tumbo limejaa.

---

Dhumna_Kikwajuni

Forodhani usiiguse Baharia 😄 natania, umesema kweli.

Kwa upande wangu mie baraza ndo matunzo yangu. Nikitoka kazini Asr nakwenda barazani, dhumna, kahawa, kashata, siasa, mpira, mtu akiwa na msiba tunajua hapo hapo, akiumwa tunajua, asipoonekana siku mbili mtu anakwenda kumgongea. Mwenzetu mmoja alikuwa kanyamaza wiki nzima, hajacheza, tukamkalia kitako mpaka akasema yaliyomo. Nafikiri bila ya baraza angeumia peke yake.

Ila nimepunguza mambo mawili. Kahawa mwisho Magharibi, zamani nilikuwa nakunywa mpaka saa tano usiku kisha nashangaa kwanini nahesabu mapaa. Na tambuu nimeacha kabisa. Watu wanafikiri ubaya wa tambuu ni ile tumbaku, kumbe popoo peke yake hata bila tumbaku watafiti wa saratani wa shirika la afya duniani wameshaiweka kwenye vitu vinavyosababisha saratani ya mdomo. Vijana barazani wanaiga wakubwa, tukiacha sie na wao wataacha.

---

nesi_mstaafu

Dhumna mungu akubariki kwa hilo la tambuu.

Mmeshagusa chakula basi na mie niseme la chai, mana hapa ndo pana ugonjwa wetu. Hesabuni pamoja nami. Chai ya asubuhi vijiko vitatu vya sukari, ya saa nne ofisini vitatu, ya jioni vitatu, tayari tisa na bado hujanywa soda wala juisi ya sukari. Wataalamu wanashauri sukari ya kuongeza iwe kiasi cha vijiko sita vya chai kwa siku nzima ndo bora zaidi. Na chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mikate na achari na papa mkavu.

Siwaambii muache chai, chai ni utu wetu. Punguzeni nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea wenyewe. Tieni iliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai, chai inakuwa na ladha hata sukari ikiwa kidogo. Wali wa nazi pikeni, lakini sahani nusu yake iwe mchicha, mtoriro, matembele, kisamvu, bamia, na samaki pembeni. Tuna mashelisheli, tuna muhogo, tuna mafenesi na mashokishoki, tuna samaki kila siku, chakula cha afya hakitoki kwenye pakiti la dukani.

Na wenye kisukari, ile habari ya kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi ambayo watu wanasambaziana kwenye magrupu, tafadhali nyinyi msifanye. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa ya hisia ya nyayo inakufa, hajui kama maji yanamuunguza. Nimeona mguu umeungua mwenyewe hana habari mpaka mwanawe alipoona ngozi imechubuka, na kidonda hicho hakikupona upesi. Osheni miguu kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko au na mtu mwengine, kausheni baina ya vidole, pakeni mafuta juu na nyayoni sio baina ya vidole, na kila jioni mwambie mtoto au mjukuu akutazame chini ya nyayo kama kuna mwiba au lengelenge. Hiyo dakika moja ndo matunzo makubwa kuliko singo.

---

Bi_Mkubwa_Mkoani

Wanangu nimesomewa na mjukuu na yeye ndo anaandika.

Nyinyi mnauliza nafasi ya kupumzika inapatikana wapi. Sie tulikuwa na kailula. Baada ya Adhuhuri watu wanakula wanajinyoosha, maduka yanafungwa, hata kuku wanalala chini ya mwembe. Mtu alikuwa hagongewi mlango saa nane. Sasa hivi saa nane ndo mnapigiana simu. Rudisheni kailula, hata nusu saa, hata umekaa umeegemea ukuta umefumba macho. Na usiku mlale, mtu mzima asipopata masaa saba hasira zinakuwa karibu.

Na anaesema kujitunza ni anasa mwambieni Mtume, sala na salamu zimfikie, alimwambia Abdallah bin Amr, aliyekuwa anafunga kila siku na kusali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Huyo alikuwa anafanya ibada na bado akaambiwa apumzike. Sembuse aliyechoka kwa kufua.

Jioni mie nachemsha mchaichai wangu bila sukari, nakunywa kibarazani, wajukuu wananikanda miguu kwa mafuta ya nazi, nawapa hadithi. Wanaona wananisaidia mie, na wao ndo wanajifunza kukaa kitako.

---

Hamamni_kijana

Bi mkubwa shikamoo. Nimefurahi umeleta hilo la anasa mana mie nimekulia karibu na Hamamni na watoto tulikuwa tunacheza pale bila kujua ni nini. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, aliijenga iwe hamamu ya watu wa mji, ina chumba cha maji moto, maji baridi, pa kunyolewa, watu wanalipa wanaingia, mpaka ilipoacha kazi 1920. Na Kidichi kuna nyengine ya 1850 ila ile ilikuwa ya Sayyid Said na mkewe wa Kiajemi, sio ya watu wote. Ninachotaka kusema ni kwamba mji huu uliwahi kuwa na pahala pa umma pa mtu kwenda kukoga na kukaa na kupumzika. Leo watu wanaingia kupiga picha. Natamani siku moja manispaa wafikirie pahala kama hapo kwa wenyeji, wanaume siku zao na wanawake siku zao, kiingilio kidogo.

---

UkhtiK

Naomba niulize na naomba msinicheke. Mimi nafanya yote haya, natembea, nimepunguza sukari, natia udi, nakunywa mchaichai, lakini usingizi hauji. Ni miezi sasa. Nalala saa nne naamka saa nane usiku moyo unakwenda mbio, nalia bila sababu, na vitu nilivyokuwa navipenda sivitaki. Nimeambiwa nisomewe, nimesomewa, nikapata nafuu kidogo halafu ikarudi.

---

nesi_mstaafu

Hakuna wa kukucheka mwanangu. Ulivyoeleza hivyo, usingizi kukatika, kulia, kukosa hamu kwa miezi, hiyo inahitaji mtu wa kukutazama, sio kuongezewa mitishamba. Endelea na dua na visomo vinakupa utulivu, na pia nenda kituo cha afya ueleze kama ulivyoandika hapa, neno kwa neno, hata ukiwasomea simu sawa. Watakupima na damu mana wakati mwengine ni upungufu wa damu au tezi ya shingo. Na wakikuelekeza Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, usiogope jina. Watu wanakwenda pale asubuhi wanaonana na mtaalamu wanarudi makwao mchana kazini, kuna walimu, wafanyabiashara, wake wa watu. Kama hutaki kwenda peke yako niandikie inboksi tutakwenda pamoja.

Na ikikujia fikra ya kujidhuru usisubiri asubuhi, amsha mtu aliye nyumba hiyo mwambie.

---

mama_wa_watatu

UkhtiK mie nilipitia kama hayo baada ya wa pili. Nilikwenda, nikapewa dawa na mtu wa kuzungumza nae kila wiki, na nimepona alhamdulillah. Nenda dada yangu.

Asumini nimemwambia mume wangu jana yale ya Magharibi na Isha. Amekubali, kasema mbona hukusema siku zote. Nimekoga mlango umefungwa.

---

UkhtiK

Nesi nimeshakuandikia. Ahsanteni nyote.

---

Mchumaji_Wete

Allah akuafu UkhtiK.

Asumini swali dogo, mke wangu anauliza ule unga wa singo unakaa muda gani usiharibike na mpompia huku Wete anaupata wapi, sokoni wanamuangalia tu.

---

Asumini_Fuoni

Unga ukiwa mkavu kabisa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko unakaa miezi, uweke pasipo na jua wala mvuke wa jiko. Ukiona umegandana au unanuka uvundo tupa. Ila ukishachanganya na marashi na liwa ni ya siku hiyo hiyo, usiweke kesho.

Mpompia aulize kwa wanawake wanaopamba maharusi, wao ndo wanajua nani kapanda uani kwake, sokoni ni bahati. Akiukosa asihangaike, mrehani na asumini zinatosha. Ila ngozi yake ikiwa na vidonda au ukurutu asisugue, apake mafuta ya nazi matupu.

Na walioko Fuoni, Alkhamisi hii baada ya Isha tunakutana kwangu wanawake watupu, tunatwanga pamoja na kila mtu anaondoka na kichupa chake. Njooni na kanga kuukuu na maua mliyonayo, na mwenye msio aje nao mana nnao mmoja tu. Watoto mwalete, binti yangu mkubwa kakubali kukaa nao uani.